Msimu Ambao Sikander Hakwenda Uwanjani

Mpaka anatimiza miaka hamsini na minane, Parin Jessa hakuwa amewahi kutazama mechi ya mpira mwanzo hadi mwisho. Alizaliwa Tabora, kwenye nyumba iliyokuwa nyuma ya duka la vitambaa la baba yake. Mwenye wazimu wa mpira alikuwa mdogo wake, Sikander, ambaye Parin alimzidi kwa miaka mitano. Sikander alikuwa akitumwa sukari anapotea nusu siku. Anarudi magoti yamechubuka, shati limepoteza vifungo, na Parin anamvuta hadi kwenye bomba la uani amwoshe kabla mama yao hajatoka jikoni.

"Dada, sema nilikuwa na wewe," Sikander anamwambia.

Na Parin anasema hivyo hivyo.

Mwaka 1972 familia ikatawanyika. Sikander akaenda Leicester, Uingereza, akiwa kijana wa miaka kumi na minane, akaanza kazi kwenye kiwanda cha soksi. Parin akaolewa na Sadru, mtu wa Iringa mwenye maneno machache, wakaja Toronto, Kanada, mwaka 1975. Sadru alipata kazi ya kuchambua barua posta. Parin akaingia duka moja la miwani kule Don Mills na hakutoka tena. Kazi yake ilikuwa kuwavisha watu fremu. Alikuwa akipasha moto mkono wa miwani, anaukunja taratibu, anamwambia mteja atikise kichwa, anaukunja tena. Wateja waliotoka Thorncliffe Park, mtaa wa wahamiaji, wengine wakiwa na majuma mawili tu nchini na Kiingereza hawana, walikuwa wakimngoja yeye hata kama wenzake wamekaa bure.

Nyumbani na Sadru walizungumza Kikachi, lugha ya mababu zao wa India, na Kiingereza kikachanganyika humo. Binti yao wa pekee, Tazmin, aliongea Kiingereza tu. Kiswahili cha Parin kilibaki kwa mtu mmoja. Akiinua simu akasikia "Dada, hujambo," ilikuwa kama wako tena kwenye uwanja wa shule kule Tabora na watoto wa Kinyamwezi, wanagombana nani avae viatu. Walipigiana simu mara moja kwa mwezi, wakati mwingine mwezi ukapita.

Simu ya Julai 2007 ilikuja asubuhi ya siku ya kazi.

"Dada, uko peke yako?"

"Sadru kaenda kununua maziwa. Kuna nini?"

"Basi kaa chini." Sauti yake ilikuwa imechangamka, kama mtu anayesimulia harusi aliyotoka jana. "Nimekwenda kupimwa. Nina saratani ya tumbo, Dada. Imeshatoka tumboni, imeenda kwenye ini. Wanasema wakinipa dawa kali naweza kupata miezi kidogo zaidi. Nimewaambia sitaki."

Parin alishika ukingo wa meza.

"Shaheen yuko wapi?"

"Yuko hapa hapa mbele yangu, anakata bamia. Haelewi kitu. Usilie, Dada. Ukilia atakusikia, na nitalazimika kumweleza unalilia nini."

Shaheen, mke wa Sikander, alikuwa mtu wa Karachi. Alijua Kiurdu, alijua Kiingereza, na katika miaka ishirini na minane ya ndoa alikuwa amejifunza maneno matatu ya Kiswahili: chai, haraka na basi. Alikuwa amemuuguza mama yake mzazi kwa saratani katika nyumba ile ile, miaka miwili, na baada ya mazishi alikaa karibu mwaka mzima bila kucheka wala kupokea wageni. Sikander alikuwa akipika, akifua, akimshika mkono kwenda kwa daktari. Kila mtu katika ukoo aliijua habari hiyo.

"Naeem anaoa Juni mwakani," Sikander aliendelea kuhusu mwanawe, kwa sauti ile ile ya furaha. "Ukumbi umeshakodishwa. Nikisema leo, harusi itakuwa msiba toka sasa. Nataka nyumba yangu icheke mwaka mmoja zaidi. Mmoja tu, Dada."

"Na mimi je?"

"Wewe utanisaidia. Lazima niwe na mtu wa kumwambia ukweli, la sivyo nitapasuka. Nimemwambia Shaheen umeanza kupenda mpira, kwa hiyo nitakuwa nakupigia kila Jumamosi."

Ndivyo Parin alivyoingia kwenye mpira. Mechi nyingi kule Uingereza zilianza saa tisa alasiri, ambayo Toronto ni saa nne asubuhi. Alimwomba mwenye duka amruhusu aanze kazi saa saba mchana siku za Jumamosi, akasema ni mambo ya familia. Sadru alikuwa na mazoea ya kwenda jamatkhana, nyumba ya ibada ya Waismaili, kusaidia kupanga viti na kuandaa ukumbi asubuhi hizo, kwa hiyo nyumba ilikuwa tupu. Parin alikaa jikoni, orofa ya tisa, simu begani, na redio ya Leicester ikisikika kwa mbali upande wa pili.

Leicester City walikuwa kwenye Championship, ligi ya pili kwa ukubwa Uingereza, na Sikander alikuwa na tiketi yake ya msimu tangu zamani, kiti kile kile. Mwaka ule hakwenda. Ngazi zilimshinda, na baridi ilimwingia tumboni kama kisu. Lakini siku ya kwanza kabisa ya msimu Leicester walifungwa nyumbani na Blackpool, moja bila, naye akakamata nafasi hiyo kwa mikono miwili. Alimwambia Shaheen kwamba haendi tena kuwatazama wapuuzi hao mpaka wajifunze mpira, na tiketi akampa jirani.

"Amenibusu," alimwambia Parin. "Anasema miaka yote amekuwa akiomba nikae nyumbani Jumamosi."

Kadiri timu ilivyozidi kuharibika ndivyo Sikander alivyozidi kupata visingizio. Kabla Agosti haijaisha, kocha aliyeanza msimu alikuwa ameshaondoka. Wa pili alikaa majuma machache akahamia timu nyingine. Wa tatu akaja Novemba. Sikander akiacha chakula sahanini, aliulaani uongozi wa klabu. Akilala mchana, alisema hawa watu wananichosha. Suruali zikaanza kumvuka, akatoboa tundu jipya kwenye mkanda, na jamaa waliomtembelea walicheka: "Leicester wanakumaliza, Sikander!" Naye alicheka kuliko wao. Alikuwa akifundisha watu kuendesha gari, kazi ya saa za kujipangia, kwa hiyo kwenda hospitali hakukuonekana. Barua za hospitali alizipokea mwenyewe mlangoni.

Jumamosi zile zilikuwa na utaratibu wake. Dakika chache za mwanzo alisema habari za mwili. Amelalaje, maumivu yamefika wapi, dawa ipi imeongezwa. Akimaliza, husema, "Haya, tuwaangalie wajinga wetu," na kinachobaki chote kilikuwa mpira. Shaheen akipita karibu, Sikander alipaza sauti ghafla, "Kona! Kona hiyo!" hata kama timu zilikuwa mapumziko. Mara ya kwanza Parin alikasirika. Mara ya pili alicheka hadi machozi, akaona aibu kwa kucheka.

Akajifunza. Alijua maana ya kuotea na tofauti ya magoli. Aligundua kwamba mshambuliaji wao mmoja alikuwa amekulia Brampton, hapo jirani tu na Toronto, akawa anawatangazia wateja dukani kama vile kijana huyo ni mpwa wake. Siku moja ya Septemba, Jumanne mchana, Sikander alimpigia dukani kabisa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Parin aliacha fremu mezani, akaenda kusimama stoo.

"Umezidiwa?"

"Hapana, hapana. Sikiliza. Unakumbuka ile mechi ya kombe na Nottingham Forest iliyovunjwa mwezi uliopita? Yule mchezaji wetu aliyeanguka, moyo ukasimama wakati wa mapumziko?"

"Nakumbuka. Amepona?"

"Amepona. Leo wanairudia. Forest walikuwa wanaongoza moja bila ilipovunjwa. Sasa mpira umeanza hivi, Dada, wetu wote wamesimama. Wote! Wamemwacha kipa wa Forest akimbie na mpira toka golini kwake mpaka golini kwetu, akafunga. Wamewarudishia goli lao."

Parin alimsikia akivuta pumzi kwa shida.

"Miaka thelathini na mitano nawashangilia," alisema. "Leo ndiyo nimeona haya kwa kuwatukana."

Leicester walishinda mechi ile, tatu kwa mbili. Kwa juma zima baadaye Sikander alizungumza kama mtu mzima wa afya, na Parin, kwa ujinga wake, akaanza kufikiri labda madaktari wamekosea.

Hawakuwa wamekosea. Majira ya baridi yalikuja na theluji ambayo Toronto haikuwa imeiona kwa miaka mingi. Jumamosi moja ya Januari Parin alikuwa jikoni, anaandika majina ya dawa nyuma ya bahasha huku Sikander akimtajia kwa herufi, aliposikia mlango. Ni Tazmin, aliyekuwa amekuja kuwaletea wazazi wake koleo la kuondolea theluji kwenye gari lao. Parin hakujali. Aliendelea na Kiswahili chake.

"Damu tena? Mara ngapi juma hili? Sikander, lazima umwambie mkeo."

Alipokata simu, Tazmin alikuwa bado amesimama pale, viatu vikichuruzika maji sakafuni.

"Mjomba anakufa?" aliuliza kwa Kiingereza.

Parin alimtazama kama mtu aliyekutwa uchi. Miaka yote alidhani mtoto huyu hajui hata salamu.

"Nilikuwa nalala chumba cha pili, Mama. Tangu nina miaka minne nakusikia ukiongea naye. Naelewa yote. Siwezi kukijibu tu." Tazmin alivua glovu moja, akaivaa tena. "Shangazi Shaheen hajui?"

"Hajui. Na wewe hujui."

"Hiyo si haki. Ni mume wake."

"Ni mwili wake mwenyewe. Kaniomba."

"Akikuomba umtupie mkewe mawe utatupa?" Tazmin alikuwa mfamasia, aliichukua ile bahasha, akasoma majina, na uso wake ukabadilika. "Hizi ni za maumivu ya mwisho mwisho, Mama. Hatafika Juni. Harusi hataiona hata hivyo. Mwambie Shangazi sasa, angalau wapate muda."

Parin hakulala vizuri usiku ule wala siku zilizofuata. Aliamua kwamba Shaheen akiuliza, atasema. Hatamwanza, lakini akiulizwa hatakana. Uamuzi huo ulimpa nafuu.

Akaulizwa. Ilikuwa Jumamosi ya pili ya Februari. Siku hiyo Parin ndiye aliyepiga, na simu iliinuliwa na Shaheen, kwa sababu Sikander alikuwa bafuni. Waliamkiana kwa Kiingereza. Kisha Shaheen akashusha sauti.

"Parin, nikuulize kitu. Kaka yako mzima kweli? Hali chakula. Amekonda, na usiku anakaa kitandani ameshika tumbo. Nikimwuliza anasema ni Leicester, ni Leicester. Mtu anakonda hivi kwa sababu ya mpira? Wewe na yeye mnaongea kila juma. Kuna kitu kakwambia?"

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Parin alilijua hilo wakati ule ule, si baadaye. Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Kisha akasikia, kwa nyuma, mlango wa bafu ukifunguliwa na mdogo wake akiuliza nani yuko kwenye simu, na kikatoka kicheko ambacho hakujua kimetoka wapi.

"Ah, Shaheen, humjui Sikander? Tangu mtoto yuko hivyo. Timu yake ikifungwa alikuwa anagoma kula siku tatu."

Shaheen akacheka pia, kidogo, kwa shukrani. Akasema afadhali. Akampa mumewe simu.

Mwishoni mwa Machi Sikander alitapika damu kwenye zulia la sebuleni, Shaheen akapiga simu ya gari la wagonjwa. Hospitalini, daktari kijana aliyefungua faili alianza kuzungumza na Shaheen kama mtu anayejua kila kitu. Alisema, tangu Julai tulipowaeleza hali. Alisema, kama mlivyokubaliana, hakuna upasuaji. Shaheen aliomba aonyeshwe faili. Kwenye ukurasa wa mbele, mahali pa mtu wa kuarifiwa, hapakuwa na jina lake. Palikuwa na jina la Parin Jessa, na namba ya Toronto.

Simu aliyompigia Parin haikuchukua hata dakika moja.

"Ulijua," Shaheen alisema.

"Shaheen..."

"Nilikuuliza. Nilikuuliza kwa mdomo wangu, ukanicheka."

Akakata.

Parin aliondoka Toronto katikati ya Aprili. Sadru alimbebea sanduku hadi uwanja wa ndege na hakusema neno la kumlaumu, ingawa naye alikuwa amefichwa kama wengine. Leicester alifikia kwa binamu yao mzee, kwa sababu nyumba ya Sikander haikumkaribisha. Wodini Shaheen hakumzuia. Alimpisha tu. Parin akiingia, yeye hutoka. Parin akitoka, yeye huingia. Naeem, ambaye harusi yake ilikuwa imeahirishwa, ndiye aliyepeleka habari kati ya wanawake wawili waliosimama hatua kumi, kila mmoja mbali na mwenzake.

Sikander alikuwa amebaki macho na pua. Siku alizokuwa na nguvu alimwomba mkewe msamaha, kwa Kiurdu, mara nyingi. Parin aliyasikia akiwa nje ya pazia. Shaheen alimjibu anyamaze apumzike.

Jumamosi ya tarehe 26 Leicester walikuwa nyumbani na Sheffield Wednesday. Ilikuwa mechi ya mwisho katika uwanja wao, na walikuwa ukingoni kabisa mwa kushuka daraja. Hospitali haikuwa mbali na uwanja; dirisha likiwa wazi, upepo ukija upande ule, kelele zilifika. Siku hiyo Shaheen hakutoka Parin alipoingia. Labda alikuwa amechoka kutoka. Walikaa pande mbili za kitanda. Parin alikuwa na redio ndogo, kifaa cha kusikilizia sikioni. Leicester walitangulia kufunga. Halafu wakafungwa, wakafungwa tena, na tena. Tatu kwa moja.

Sikander alifungua macho jioni jioni.

"Leicester?" aliuliza.

Parin alifungua mdomo, lakini aliyejibu ni Shaheen, mwanamke ambaye katika maisha yake hakuwahi kuulizia matokeo ya mechi yoyote.

"Wameshinda," alisema. "Wameshinda, Sikander. Lala."

Kisha akainua uso akamtazama Parin, macho makavu, na Parin akaelewa kwamba anaambiwa: haya, nikanushe kama unaweza. Parin alikitoa kifaa sikioni, akakifunika kwa kiganja. Sikander aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyeridhika au mtu aliyechoka kubishana, na akalala.

Alifariki Jumanne. Alizikwa Alhamisi. Pale makaburini Shaheen alimfuata Parin mbele za watu, wote wakadhani anakwenda kumkumbatia. Alisema kwa sauti ya chini, "Umemaliza ulichokuja kufanya. Sasa rudi kwako." Ijumaa Parin akapanda ndege.

Jumapili asubuhi, tarehe nne Mei, aliamka mapema akakaa jikoni kwake Don Mills. Sanduku lilikuwa bado limefungwa mlangoni. Tazmin alikuwa amelala kwao tangu juzi ili kumliwaza mama yake, na ndiye aliyemwekea redio kwenye kompyuta, bila kuulizwa. Leicester walikuwa ugenini, kwa Stoke. Southampton, waliokuwa chini yao, wakishinda mechi yao, Leicester lazima washinde nao. Parin alikaa na skafu ya mazishi mabegani, hajasuka nywele.

Hapakuwa na goli. Dakika zilikwenda, Stoke wakilinda sare iliyowatosha kupanda, Leicester wakipiga mipira mirefu isiyomfikia mtu. Kutoka Southampton zikaja habari: wanaongoza, wamesawazishiwa, wanaongoza tena. Filimbi ya mwisho ilipolia, mashabiki wa Stoke walimiminika uwanjani wakiimba, na mtangazaji wa Leicester akasema kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa ya kifo kwamba klabu hii, tangu kuanzishwa kwake, haijawahi kushuka hadi daraja la tatu, na leo imeshuka. Mechi arobaini na sita, magoli arobaini na mawili tu.

Parin hakuwa amelia wodini, wala makaburini, wala kwenye ndege. Alilia sasa, kwa sauti, kama watu wanavyolia Tabora, na Sadru akatoka chumbani mbio akiwa na mswaki mdomoni.

"Kuna nini tena?"

"Leicester wameshuka," Tazmin alisema.

Alilisema kwa Kiswahili. Neno la kwanza, na matamshi yake yalikuwa mabaya sana. Hakuna aliyeliona wakati huo.

Miaka ikaenda. Naeem alioa mwaka uliofuata. Parin aliziona picha kwa jamaa wengine. Dukani aliendelea mpaka 2012, mikono ilipoanza kutetemeka. Jumamosi asubuhi hakujua la kufanya na nafsi yake. Kwa muda alijaribu kufuatilia ile timu, na aliwaona wakipanda tena Championship, lakini kusikiliza bila mtu wa kumwambia kulimchosha, akaacha. Kiswahili kilianza kumpotea. Kuna siku alikuwa anatafuta neno la "kumbikumbi" akakaa nusu saa, na mtu wa kumwuliza hayupo.

Septemba 2014 kituo kipya cha Waismaili kilipofunguliwa hapo Toronto, barabara ya Wynford Drive, watu walikuja kutoka kila mahali kukiona. Parin alikwenda siku ya nne, fujo zilipopungua. Alikuwa bustanini, karibu na mabwawa ya maji, alipomwona mwanamke mwenye nywele nyeupe amekaa peke yake kwenye ukingo wa jiwe. Alimpita hatua mbili ndipo miguu ikakataa.

"Shaheen."

Shaheen alimtazama muda mrefu. Hakuonyesha mshangao. Alisogeza mkoba wake kidogo, na Parin akakaa.

"Nimekuja na Naeem na wanawe," Shaheen alisema. "Niliwaambia wasikutafute. Nilidhani nikikuona nitakutukana. Nimeyapanga matusi yangu miaka sita."

"Yaseme."

"Nimeyasahau." Alitazama maji. "Umri."

Mtoto fulani alikuwa akikimbia kuzunguka bwawa na mama yake akimkemea kwa Kifarsi.

"Mlikuwa mnaongea nini Jumamosi zote zile?" Shaheen aliuliza. "Nataka kujua. Mimi nilikuwa humo humo chumbani. Nilikuwa nakunja nguo."

"Dakika tano za ugonjwa. Zilizobaki zote mpira."

"Mpira?"

"Mpira tu, Shaheen. Naapa. Nani kakosa penalti, nani auzwe."

Shaheen alifunga macho. Jibu hilo lilimuumiza kuliko lingine lolote ambalo angepewa. Parin aliliona likiingia.

"Ningeweza kusikiliza mpira," Shaheen alisema. "Ningelia, sikatai. Ningelia miezi yote tisa. Lakini ningelia naye, Parin. Mmenipa miezi tisa ya kucheka na mtu ambaye hakuwepo. Sasa nikikumbuka kicheko chochote cha mwaka ule sijui kama kilikuwa changu."

Parin naye alikuwa na maneno aliyoyaandaa kwa miaka, kuhusu ahadi, kuhusu mama yake Shaheen, kuhusu nyumba inayocheka. Yote yalionekana madogo.

"Siku ile uliponiuliza," alisema, "nilikuwa nataka kukwambia. Nilikuwa nimeshaamua. Nikacheka. Sijui kwa nini."

"Najua ulitaka. Nilisikia ulivyosita," Shaheen alisema. "Ndiyo maana siwezi kukusamehe."

Naeem alikuja na watoto wawili, akasimama ghafla alipowaona. Akawaambia watoto wamwamkie, huyu ni dada yake Babu. Wakampa mkono, mmoja mmoja, mikono inanata kwa pipi. Shaheen aliinuka, akajikung'uta vumbi la jiwe, akamshika mjukuu mdogo. Hakuaga. Lakini alipofika kwenye ngazi alimngoja Naeem amalize kumkumbatia shangazi yake, na hakumwita aharakishe.

Parin alirudi nyumbani kwa basi. Sadru alikuwa mezani anasoma gazeti, miguu kwenye kiti.

"Nimemwona Shaheen."

Sadru alikunja gazeti. "Mmepatana?"

"Hapana."

Akakaa mbele yake na koti lake mwilini, akamweleza. Kuhusu Julai na bamia Sadru alikuwa ameshasikia, na kuhusu wodi pia. Lakini Jumamosi ya Februari hakuwa amemwambia mtu yeyote, si Sadru, si Tazmin, si Mungu kwa sauti. Sasa akamwambia: alivyoulizwa, na alivyocheka. Akamfanyia na kile kicheko, ili ajue kilikuwaje.

Sadru aliteremsha miguu kutoka kwenye kiti.

"Mimi usinifanyie hivyo," alisema. "Ukiugua, uniambie. Siku ile ile. Na mimi nitakwambia."

"Sawa," Parin alisema.

Alilisema haraka, bila kusita, na hakuwa na hakika kama lilikuwa kweli.